Mita Moja ya Shemeji

Ukipanda bodaboda mjini Moshi kuja huku kwetu Mferejini, dereva atakuuliza, "Nikushushe getini shuleni au kwa Mama Migomba?" Huyo Mama Migomba ndiye ninayetaka kumweleza. Jina lake ni Mektrida, mimi humwita Mama Antoni, na genge langu la mboga linatazamana na mlango wake, lami tu ndiyo iko katikati. Naitwa Martha. Nasema mapema nisije nikaitwa mnafiki: katika habari hii mimi nina upande. Anayetaka kusikiliza pande zote mbili aende kwa padre.

Siku hizi huku kuna ghorofa, kuna duka la dawa linalokesha, kuna shule ya chekechea yenye basi la njano na watoto wanaoongea Kiingereza na mbwa wao. Kampuni ya viwanja ilitubandikia bango la "Kili View", na wageni wakalipenda. Lakini mimi nilizaliwa hapa wakati hapana hata taa moja. Palikuwa mashamba matupu ya mahindi na maharage, na mfereji uliotoka mlimani ukapita katikati, ndiyo maana pakaitwa Mferejini. Mfereji wenyewe umefukiwa. Juu yake kuna saluni.

Wenye mashamba hawakulala huku. Walikuwa watu wa Kibosho, wanaishi kule juu kwenye vihamba vyao, penye migomba na kahawa na makaburi ya babu zao. Huku chini walishuka kulima tu. Mektrida aliolewa Kibosho mwaka sabini na saba, na tangu wiki ya pili ya ndoa yake alikuwa akishuka alfajiri na jembe, akipanda jioni na mzigo wa mabua kichwani kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wa Kibosho haendi malishoni, chakula anafuatwa nacho zizini. Saa mbili kushuka, saa tatu kupanda, mzigo mpana kuliko mlango. Hivyo ndivyo shingo yake ilivyonenepa, na hivyo ndivyo alivyosomesha watoto watatu.

Mume wake, Julius, alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha kahawa. Mtu mpole, mwandiko mzuri. Ili kufika shambani kwao ilibidi kukatiza pembeni mwa shamba la mzee mmoja, Eliudi, ambaye alikuwa na mbwa mkali na mdomo mkali zaidi. Siku moja mbwa yule alimrukia Mektrida akiwa na mimba ya Antoni, mzigo ukaanguka, kanga ikachanika. Julius hakugombana. Aliuza mtamba wake, akamwendea Eliudi kununua kipande cha njia.

"Upana gani?" Eliudi aliuliza.

Julius alimtwisha mkewe mzigo wa mabua akamwambia atembee. Pale ncha za mabua zilipofika, kulia na kushoto, alipigilia vigingi. Kisha akaongeza upana mwingine kama huo, ili mwanamke mwenye mzigo akikutana na mwenzake asilazimike kurudi nyuma. Eliudi alicheka hadi akakohoa. "Yaani unanunua ardhi kwa kipimo cha mzigo wa mke?"

"Si ndiye anayepita?" Julius alimjibu.

Waliandikiana kwenye karatasi ya daftari, Eliudi akaweka dole gumba, mashahidi wawili wakatia sahihi, na Julius akapanda masale pande zote mbili, kuanzia barabarani hadi shambani kwake, hatua mia na hamsini. Mtu wa pwani anaweza kudhani sale ni ua la kupamba. Kwetu sale ni mpaka. Ukiliona limepandwa mstari, ujue hapo mali ya mtu inaishia na ya mwingine inaanza, na ukiling'oa umejitafutia laana. Likumbuke hilo, maana kuna msomi mmoja alilisahau.

Msomi huyo ni Primus, mdogo wake Julius. Alikuwa Dar es Salaam, ofisini, miaka thelathini. Alikuwa akija Desemba kama Wachagga wote, anakula nyama, anatoa maoni, anaondoka. Julius alipofariki, mwaka elfu mbili kumi na moja, Primus alilia kuliko mjane. Watu walimshika mikono. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa desturi ya ukoo wao, mjane hutulia nyumbani hadi misa ya arobaini. Ananyolewa kichwa, hatoki nje ya kihamba, halimi, haendi sokoni. Mektrida alikaa. Na katika wiki ya tatu, yeye akiwa amekaa hivyo kwenye mkeka, kichwa kitupu, akipokea pole za watu, Primus alishuka huku Mferejini na mnunuzi na vijana wa kupima. Aliuza ekari zote tatu. Ndugu wa ukoo walikuwa wameshatia sahihi, kwamba ardhi ya ukoo hairithiwi na mwanamke. Alibakiza kiwanja kimoja tu kwa ajili yake mwenyewe, kile cha nyuma kabisa, ukingoni mwa korongo, ambapo asubuhi unauona mlima mzima kama umewekewa dirishani.

Siku ya arobaini na moja Mektrida alishuka na jembe. Mimi wakati huo nilikuwa nauza nyanya juu ya gunia. Nilimwona anasimama shambani, maharage yake yamekanyagwa, mawe yamepakwa rangi nyekundu. Akawauliza vijana waliokuwa wanachimba msingi, "Hapa ni kwa nani?" Wakamwambia, "Kwa bosi, mama." Alikuja akaketi karibu na gunia langu. Nikampa maji kwenye kikombe. Hakunywa, alijimwagia kichwani.

Alimpigia Primus simu, na ilipopokelewa nilisikia kila neno, maana alikuwa ameweka sauti ya juu. "Shemeji jamani, mimi sikujua kama hujui. Nilidhani ukoo umekuambia."

Sikujua. Hilo neno ndilo lililomla Mektrida. Alikwenda kwenye baraza la ardhi, akashindwa, kwa kuwa shamba lilikuwa bado kwa jina la baba mkwe na sahihi za ukoo zilikuwa zimekamilika. Alivumilia. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kule kuambiwa "sikujua" na mtu aliyeihesabu wiki kwa vidole, hapana. Tangu hapo alikuwa na haja moja tu na Primus: aseme kwa kinywa chake, mbele za watu, kwamba alijua. Alinieleza hivyo waziwazi, akichambua mchicha wangu. Nikamwambia, "Mama, mtu kama yule hasemi mpaka abanwe." Akaniambia, "Basi nitambana."

Na angembana kwa nini? Kwa ile njia.

Primus alipochora ramani ya viwanja, vile vya wengine alivifungulia barabara upande wa pili, na chake cha nyuma alikichorea barabara kupitia kwenye masale ya kaka yake. Aliona njia, akadhani ni ya wote. Angekuwa amekaa nyumbani kidogo angejua. Sale upande mmoja ni mpaka wa jirani. Sale pande zote mbili, hapo katikati pana mwenyewe. Mtoto wa darasa la pili wa Kibosho angemwambia. Na ile karatasi ya daftari yenye dole gumba la Eliudi ilikuwa kwa Mektrida, ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Mektrida hakupiga kelele. Alimwachia Antoni nyumba ya Kibosho, akashuka kuhamia kwenye njia yake. Alijenga vyumba viwili vya tofali, kimoja nyuma ya kingine, nyumba nyembamba kama behewa la treni. Nyuma yake banda la ng'ombe mmoja. Nyuma ya banda, migomba, katikati kabisa ya njia, safu hadi mwisho. Watu wa Kili View walimcheka: bibi amejenga barabarani! Mimi nilikuwa namsaidia kubeba samadi na kucheka pamoja naye.

Primus alistaafu mwaka elfu mbili kumi na sita akaja kujenga. Lori la kwanza la mawe liliingia kwa mbwembwe likasimama mbele ya ng'ombe.

"Shemeji," Primus alisema akishuka garini, miwani usoni, "tuondoe huyu mnyama tupite."

"Mpite kwenda wapi?"

"Kwangu."

"Kwako nakuona. Njia yako sijaiona."

Basi ikawa baraza tena. Safari hii Mektrida alikwenda na kopo lake la maziwa. Wazee wa baraza waliisoma ile karatasi, wakaja wenyewe kuyaangalia masale, wakasema njia ilinunuliwa, si ya ukoo, ni ya mama huyu. Ila kwa ubinadamu, kwa kuwa binadamu hawezi kuruka, amwachie jirani yake njia ya miguu, mita moja.

Alimwachia. Alikuja kwangu na futi ya fundi cherehani, tukapima mimi na yeye, kutoka kwenye masale ya kushoto hadi kwenye migomba. Sentimeta mia moja. Mgomba mmoja ulikuwa umezidi kwa vidole viwili, akaung'oa, maana yeye si mwizi.

Nyumba yote ya Primus ilipita juu ya vichwa vya watu. Saruji, mchanga, mabati ya rangi, marumaru, kila kitu kilishushwa barabarani na kubebwa hatua mia na hamsini. Siku ya sinki la kuogea nilifunga genge nikaenda kuangalia. Vibarua wanne walilibeba kama jeneza, wakakwama, wakalisimamisha wima, mmoja akaingia ndani yake akalitwaa mgongoni akatembea kama kobe. Primus alikuwa nyuma akipiga kelele lisikwaruzwe. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: mke wa kaka yake alibeba mizigo katika njia hiyo miaka thelathini na nne, hakuwahi kumhurumia.

Gari lake lililala kituo cha mafuta, kwa kulipia. Na kwa kuwa ramani za kwenye simu zinaonyesha hapo pana barabara, sijui nani aliwaambia, kila wiki kijana wa kuleta mizigo aliingia kwa kasi na pikipiki ya magurudumu matatu akajikuta anatazamana na ng'ombe. "Mama, simu inasema nipite!" "Mwambie simu apite," Mektrida alimjibu, akaendelea kukamua.

Sasa nimtaje Theodora, mke wa Primus, ingawa kumtaja kunanikera roho. Theodora alikuwa mtu mwema. Alikuwa na nyonga mbovu, akitembea kama anaelekea upande, lakini kila asubuhi alikuja na chupa yake kununua maziwa kwa Mektrida, akasalimia, akauliza habari za Antoni. Mektrida alimpimia lita kamili, akamwongezea kidogo. Mimi nilidhani angemnyima. "Yeye hakuuza shamba langu," aliniambia. Nikasema sawa, lakini moyoni niliona ni kupoteza maziwa.

Primus alijaribu kila njia. Alileta fedha, zikarudi. Alileta padre, padre akanywa chai akaondoka. Mwishowe mtu fulani akamkumbusha yeye ni Mchagga. Kwetu aliyekosa akimletea aliyekosewa jani la sale lililofungwa fundo, mbele ya wazee, huwezi kulikataa. Hata kama alikuulia mtoto. Ukilikataa, laana inahama kwake inakujia wewe. Mektrida alijua, kwa hiyo akawa mtu wa kutoonekana. Akisikia wazee wa Kibosho wameonekana wakishuka, anakwenda kukata majani. Wakija Jumapili, yuko misa ya pili. Miaka mitatu alilikimbia jani.

Walimpata mwaka elfu mbili ishirini na moja, kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu wake, juu Kibosho. Nami nilikuwepo, nimealikwa kusaidia kupika. Alikuwa amesimama juu ya chungu cha mtori, mwiko mkononi, hana pa kukimbilia, na Primus akaingia uani na wazee wawili, mbuzi, mtungi wa pombe ya mbege, na sale mkononi limefungwa fundo.

"Shemeji," alisema, "kama kuna mahali niliteleza, kama kuna neno langu lilikuudhi, mimi ni binadamu. Nisamehe."

Kama! Nilitamani ule mwiko ningekuwa nao mimi.

Mektrida aliweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akalipokea jani kwa mikono miwili. Wanawake wakapiga vigelegele. Primus akaonja mbege kwanza, kama inavyotakiwa, akampa kata naye akanywa. Mimi machozi ya hasira yalinilenga. Miaka kumi, nikawaza, imeisha kwa jani.

Halafu Mektrida akamgeukia mzee Wilson, mkubwa wa wale wazee. "Baba, naomba kuuliza. Sale linafunika nini?"

"Linafunika kosa lililoletwa," mzee alisema.

"Ahsante baba. Shemeji amesema aliteleza. Nimemsamehe kuteleza. Amesema kuna neno liliniudhi. Nimelisamehe hilo neno. Lile la wiki ya tatu, nikiwa mkekani, sikulisikia likitajwa. Au ninyi mmelisikia?"

Primus alimtazama mbuzi.

"Basi hilo bado halijaletewa sale," Mektrida alisema. "Karibuni chakula."

Mzee Wilson alikuna kidevu, akasema mama ana haki. Mbuzi alichinjwa, akaliwa, na Primus alirudi nyumbani kwake Mferejini kwa mita moja ile ile. Nimeshakula mbuzi wengi maishani, sijala mtamu kama yule.

Sasa nifikie mwaka jana. Mwezi wa sita Theodora alianguka bafuni, ile nyonga ikavunjika. Gari haliwezi kufika, tukambeba kwenye kiti cha plastiki. Mbele alishika Mektrida mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini na sita, nyuma nilishika mimi na Primus. Njia haikututosha kukaa pembeni ya kiti, tulienda kwa ubavu. Magoti ya mgonjwa yalikuwa yanakwaruzwa na masale, akilia kwa sauti ndogo. Katikati ya njia akasema, "Mama Antoni, mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea, mdogo wangu."

"Basi kwa nini?"

"Muulize mumeo."

Primus alikuwa nyuma ya kiti, pumzi zake nazisikia shingoni. Nilimhurumia Theodora siku hiyo, nalisema wazi, na huruma yenyewe ilinikasirisha, maana haikuwa yangu kuitoa. Mtu aliyeweza kumwokoa mkewe kwa maneno matatu alikuwa hapo hapo anahema.

Theodora alitibiwa akarudi, tukambeba vilevile kumwingiza. Kisha akagoma. Alimwambia mumewe wahame, wakapange nyumba Majengo yenye mlango wa barabarani. Na hatakubali kutoka humo kwa kiti tena kama maiti. Gari lije hadi mlangoni kwake, la sivyo atafia kitandani na Primus awaeleze watoto sababu.

Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, genge langu limejaa watu, Primus alikuja. Peke yake. Hakuwa na wazee wala mbuzi wala jani. Hakuwa hata na miwani. Mektrida alikuwa kwangu ananunua nyanya chungu.

"Shikamoo shemeji," alisema. Siku zote za ujirani wao hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba."

"Naomba njia. Leo tu. Theodora atoke kwa gari, na lori libebe vitu. Tunahama."

"Njia ina neno lake," Mektrida alisema. "Unalijua."

Primus aliwatazama watu. Kulikuwa na walimu wawili wa chekechea, mama mmoja wa ghorofani, na dereva wa bodaboda aliyezima injini ili asikie vizuri.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua hujaambiwa. Nilijua uko ndani. Niliichagua wiki ile kwa sababu usingeweza kutoka." Nilidhani amemaliza, na ilitosha, lakini mdomo wake ulikuwa umefunguka na haukujua kufunga. "Na Julius aliniambia. Hospitali, siku mbili kabla. Alisema shamba la Mferejini ni la Mektrida, nisimamie apate karatasi."

Hilo hatukulijua. Hata Mektrida hakulijua. Nyanya chungu zilikuwa mkononi mwake, akaziweka juu ya meza yangu moja moja, zote, kana kwamba ameambiwa azipange. Kisha akainua shingo, ile shingo nene ya kubebea mabua.

"Nimesikia," alisema. "Na hawa wamesikia. Nimekusamehe. Kalete lori."

Alichukua panga akaanza kukata migomba yake mwenyewe. Kumi na minne, mingine ikiwa na mikungu michanga isiyofaa hata kuchemsha. Hakutaka kusaidiwa kukata, aliniachia kuburuta tu. Ng'ombe tulimfunga kwenye nguzo ya umeme. Ukuta wa banda, wa mbao, ulitolewa. Nyumba ya behewa ilikuwa pembeni kidogo, lori likaipita nusura liukwaruze ukuta. Hadi saa saba vitu vyote vilikuwa vimepakiwa: makochi, friji, vitanda, hata lile sinki la kuogea walikuwa wameling'oa. Gari dogo lilikwenda hadi barazani, Theodora akaingizwa kiti cha mbele. Alikuwa amejipaka poda.

Na hapo Primus alisimama kwenye ngazi za nyumba yake akatazama mbele. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajenge kuona gari lake kwenye baraza lake. Njia imenyooka, pana, hadi kwenye lami. Mlima uko nyuma yake, hauna hata wingu moja. Nilimwona wazo linamjia, nikalijua kabla halijafika mdomoni.

"Shemeji," alisema, na sauti imekuwa ile ya zamani ya Desemba, "kama mambo ndiyo yamekwisha hivi, kwa amani, si tushushe tu vitu? Hatuna haja ya kuhama sasa."

Vijana wa lori wakaanza kucheka, wakidhani ni habari njema. Theodora alipeleka macho kwa Mektrida kupitia kioo cha gari, na sitaki kueleza uso wake ulivyokuwa.

Mektrida alikuwa anafuta utomvu wa migomba kwenye panga.

"Uliomba njia ya kutoka," alisema. "Nimekata ya kutoka."

"Lakini nimesema! Ulitaka niseme, nimesema yote!"

"Umesema, na nimesamehe. Sina neno nawe tena, hata tukikutana mbinguni tutasalimiana. Shamba la mume wangu limerudi?"

Primus alishuka ngazi.

"Basi piteni. Mgonjwa anachomwa na jua."

Walipita. Lori mbele, gari dogo nyuma, taratibu, masale ya kushoto yakigusa vioo. Theodora aliinua mkono kutuaga. Mektrida alimwinulia wake. Mimi nilijifanya namfungua ng'ombe.

Vumbi lilipotulia alikaa juu ya kigogo cha mgomba, akalia. Alilia kwa kelele, kwa jina la Julius, kama mtu aliyefiwa wiki hiyo. Nilimwacha. Alipomaliza aliniomba jembe.

Machipukizi tulikuwa nayo ya kutosha, tuliyang'oa kwenye mashina yale yale. Yeye alinyoosha kamba, akipima ile mita moja kwa futi ya cherehani kama baraza lilivyoamuru, maana nyumba bado ni ya Primus na ana haki ya kuja kuitazama kwa miguu. Hadi saa kumi na moja tulikuwa tumepanda yote kumi na minne. Mashimo nilichimba mimi.